Tuliomba Mvua, Tukasahau Tuta

Mji wa Kilosa umekaa mahali pazuri lakini pa hatari. Mto Mkondoa unapita ubavuni mwake ukishuka kutoka milimani kuelekea uwanda wa Mkata. Udongo unaoletwa na mto huo umelisha watu wa bonde lile kwa vizazi vingi. Pale ndipo wazee walipolima mahindi na mpunga, na ndipo yalipostawi mashamba makubwa ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, yaliyowavuta vibarua kutoka pande zote za nchi. Lakini mto uletao udongo huleta na maji, na waliotutangulia walilijua hilo. Enzi za ukoloni likajengwa tuta la kuuzuia mto usiingie mjini. Tuta likafanya kazi yake miaka mingi bila kumsumbua mtu, hadi watu wakasahau kwamba lipo kwa ajili yao.

Siku za Krismasi ya mwaka 2009, kuelekea Mwaka Mpya wa 2010, mvua kubwa zilinyesha, Mkondoa ukafurika na tuta likakatika. Maji yakaingia mitaani. Nyumba za udongo zikalowa kuanzia chini, zikaanguka. Maelfu ya watu wakabaki bila makazi, wakahamishiwa kwenye mahema. Reli ya Kati ikaharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, hata safari za treni zikasimama kwa miezi. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika Kilosa kuwaona waathirika. Misaada ilikuja na maombi yalifanyika. Hata hivyo, wako watu waliokaa kwenye mahema hayo mwaka wa kwanza ukaisha, na mwingine, na mwingine tena.

Ninaandika haya kwa ajili ya wachungaji, mapadre, makatekista, wainjilisti, wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Simwandikii mtu wa Kilosa kana kwamba yeye ndiye aliyekosa peke yake. Lililotokea pale lingeweza kutokea popote tunaposali kwa bidii huku tumefumba macho hata baada ya kusema amina. Nami nimo humo. Ni rahisi kwangu kuombea mvua kwa nusu saa kuliko kwenda kutazama mfereji kwa dakika kumi.

Tukae kidogo kwenye tuta lenyewe. Tuta ni udongo ulioshindiliwa na kuota nyasi. Nguvu yake haitoki kwenye ukubwa peke yake, inatoka kwenye kushikamana. Mizizi ya nyasi hushika udongo wa juu, na udongo wa chini hushikwa na uzito. Sasa ng'ombe akipita hapo leo kwenda kunywa maji, kwato zake huacha alama ndogo. Kundi likipita kila siku, alama inakuwa njia, nyasi zinakufa na njia inakuwa mfereji. Mkulima naye anaona udongo mzuri wenye unyevu karibu na mto, anapanda mistari miwili ya mahindi ubavuni mwa tuta, mwakani anaongeza mitatu. Jembe linakata mizizi ileile iliyokuwa ikilishika. Mtu mwingine anachimba udongo kidogo wa kufyatulia tofali. Hakuna hata mmoja kati ya hawa mwenye nia mbaya. Kila mmoja amechukua kidogo tu. Ila mto ukijaa hautafuti mahali tuta lilipo imara. Unapenya pale kwato zilipotangulia, maji ya kwanza yanatoka kama uzi, na baada ya saa chache pana pengo la kupita lori.

Hizi ndizo dalili ambazo Kilosa ilikuwa nazo. Tuta lilikuwa limechakaa. Watu walilima hadi ukingoni mwa mto, mifugo ilipita, na miti ya milimani ilikuwa ikikatwa kwa mkaa na kwa mashamba mapya, hivyo maji yaliyokuwa yakishuka polepole yakawa yanashuka kwa kishindo yakibeba mchanga. Mchanga ukajaza mto, kina kikapungua, na tuta likawa fupi bila mtu kulipunguza. Bwawa la Kidete huko juu, ambalo lingepunguza kasi ya maji, nalo lilikuwa limeharibika. Ikumbukwe pia kwamba maji yanayoijaza Kilosa si ya Kilosa peke yake. Mto Kinyasungwe unakusanya maji ya upande wa Dodoma na Mpwapwa, unapita Gulwe na Kidete, ndipo maji hayo yanafika mjini kwa njia ya Mkondoa. Mtu wa Kilosa anaweza kulala chini ya anga lenye nyota na kuamka mto umejaa kwa mvua ya watu wengine.

Dalili hizo hazikufichwa. Tuta lilikuwa mahali ambapo watu hupita wakienda shambani, na waumini walipita hapo. Ndiyo maana swali la mafuriko, ambalo wengi huliona la mhandisi na la serikali, mimi naliona pia la madhabahuni. Mchungaji ana kitu ambacho mhandisi wa wilaya hana: kila Jumapili watu wa mitaa yote wanakuja mbele yake. Aliyelima kando ya mto yupo kwenye benchi. Mwenye ng'ombe yupo. Fundi wa tofali yupo. Mwenyekiti wa kitongoji mara nyingi yupo, na mtendaji wa kijiji kama hayupo yeye, yupo mkewe. Hakuna kikao cha serikali kinachopata mahudhurio hayo mara hamsini na mbili kwa mwaka. Na msikitini Ijumaa ni vivyo hivyo, kwa hiyo ninalolisema kwa wachungaji masheikh wa bonde lile wangeweza kulisema kwa uzito uleule.

Fikiria tunavyoombea mvua. Miezi ya Oktoba na Novemba, vuli ikichelewa, maombi yanaanza. Tunafunga, tunakesha, kwaya inaimba. Tunasema, Bwana, tupe mvua ya baraka. Tunajua fika kwamba tukijibiwa, maji yatakuja mengi na yatapita njia ileile ya kila mwaka. Je, nani ametumwa kutazama njia hiyo? Ombi la mvua lililokamilika lingekuwa na wajumbe wawili wa kwenda kuona tuta, mmoja wa kwenda kwa mtendaji kuuliza, na tangazo moja la Jumapili inayofuata. Nehemia alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu na maadui wakimtisha, Maandiko yanatueleza kwamba watu walimwomba Mungu na papo hapo wakaweka walinzi, mchana na usiku. Hakuona kwamba walinzi ni dalili ya imani haba. Yusufu naye, baada ya kuifasiri ndoto ya Farao, hakuketi kusubiri njaa iombewe. Alikusanya nafaka, akaiweka akiba.

Siandiki kupunguza sala. Nimeona sala ikiwashika watu ambao hakuna kingine cha kuwashika, na katika mahema yale ya Kilosa, nina hakika, ndiyo iliyowainua wengi asubuhi. Ninachohofia ni sala inayotupa nafuu kabla ya wakati. Tukishaombea jambo, moyo unatulia, na utulivu ule tunauchukua kuwa jibu. Mtu hutoka kanisani akihisi suala la mto limeshughulikiwa. Kumbe limetajwa tu.

Kilosa ilionywa pia kwa njia nyingine, miaka tisa kabla ya mafuriko, na onyo hilo liliandikwa kwa damu. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji wa Kimaasai. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Majilio, majira ambayo makanisa mengi huhubiri juu ya kukesha.

Wasiolijua bonde la Mkata hudhani ugomvi ule ulikuwa wa makabila. Waliolichunguza wanaeleza mambo mengine. Watafiti wa Tanzania na Norway walioandika juu ya mauaji hayo mwaka 2009 walirudi nyuma hadi kwenye historia ya ardhi: mashamba makubwa, vijiji vya ujamaa, vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa vilivyotengwa miaka ya 1970, na maeneo oevu ambayo wakati wa kiangazi mkulima anayataka kwa bustani na mfugaji anayataka kwa malisho. Hayo peke yake hayaui. Walichokitilia mkazo ni rushwa. Watu walikuwa wamepoteza imani na wale waliopaswa kuamua. Mkulima aliyeliwa mazao aliamini kwamba mwenye ng'ombe atatoa fedha na kesi itaisha. Mfugaji aliyekamatiwa mifugo aliamini kwamba anakamuliwa. Mtu akishaona kwamba haki inanunuliwa, huanza kuitafuta kwa mkono wake.

Hapo ndipo dalili zilipokuwa, na mchungaji wa kijiji angeweza kuziona mapema kuliko mkuu wa wilaya. Ukiona vijana wa sungusungu wanakamata ng'ombe na faini inalipwa bila risiti, hiyo ni dalili. Ukiona mama wa Kimaasai aliyekuwa akileta maziwa kijijini haji tena, uliza. Ukisikia katika mazungumzo ya kawaida, hata kwenye msiba, watu wa upande wa pili wanatajwa kwa jina la mnyama, hapo pameshaharibika. Ukiona mzee wa kanisa ambaye kila mwaka alikuwa na rafiki wa upande wa pili, waliopeana mbegu na ndama, sasa hataki hata jina lake litajwe, usiseme ni ugomvi wao binafsi. Ufa ukionekana ukutani, mwenye nyumba haulizi ni wa chumba cha nani.

Wala Rudewa Mbuyuni haikuwa mwisho. Oktoba 2008 watu waliuawa tena wilayani Kilosa katika mgogoro wa Mabwegere, na mwaka uliofuata serikali ikafanya operesheni ya kuondoa mifugo. Miaka minane ilikuwa imepita katikati. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mauaji ya kwanza alikuwa tayari darasani.

Najiuliza mchungaji wa eneo kama lile anahubirije habari ya Kaini na Habili. Mahali pengine ni somo la wivu. Kilosa ni somo la jirani. Kaini alikuwa mkulima na Habili mfugaji, na kila aliyeketi kwenye benchi anajua yeye ni nani katika hadithi hiyo kabla mhubiri hajafungua kinywa. Mhubiri asiyekuwa mwangalifu anaweza, kwa nia njema kabisa, kumwacha mfugaji mmoja akitoka na hakika kwamba Mungu alikuwa upande wa mifugo, na mkulima akitoka na hasira. Afadhali aanzie kwa Abrahamu. Wachungaji wa mifugo wa Abrahamu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha, na Abrahamu, aliyekuwa mkubwa kwa umri na kwa heshima, hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akasema waziwazi kwamba ugomvi usiwepo, kisha akamwachia Lutu achague kwanza. Aligharamika. Amani ya Abrahamu ilimgharimu malisho mazuri.

Mara nyingi sisi tunaombea amani isiyotugharimu. Tunaombea amani ya nchi, tunataja viongozi kwa vyeo vyao, tunafunga. Ombi pana namna hiyo halimgusi mtu wala halimkwazi mtu. Lakini ombi likisema, tunaombea shamba fulani lililoliwa wiki iliyopita, tunaombea na mwenye ng'ombe waliokamatwa, na tunaomba faini zilipwe kwa haki na kwa risiti, kanisa zima litainua kichwa. Baadhi watakunja uso. Pengine mtendaji atamwita mchungaji kumuuliza ana maana gani. Ombi la namna hiyo linamweka mchungaji mahali pagumu, na ndiyo sababu wengi wetu tunalikwepa. Mimi nami ningetamani kulikwepa.

Tusogee Mikumi, tutazame sala ya uponyaji. Mji huu, ndani ya wilaya ileile, uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na kabla ya kufika hapo ukitokea Morogoro unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Malori yanalala hapo. Biashara inakesha. Miji ya barabarani kama huu ndiyo iliyopata kipigo kikali cha Ukimwi, na ndiyo ambayo kila habari ya uponyaji huifikia mapema, maana dereva aliyeisikia Arusha juzi anaisimulia leo kwenye chai.

Mwaka 2011 habari hiyo ilikuwa Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, katika kijiji cha Samunge, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akieleza kwamba alionyeshwa na Mungu ndotoni na kwamba dawa inaponya magonjwa sugu, Ukimwi na kisukari yakiwemo. Watu walikwenda kutoka kila kona ya nchi na nchi jirani. Foleni ya magari ikawa ya kilometa nyingi porini, na wako wagonjwa waliofia kwenye foleni hiyo. Mwishoni mwa Machi mzee mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwa muda ili msongamano upungue. Siwezi kuhukumu moyo wa mzee yule, na alitoza kidogo sana. Naangalia upande wetu, viongozi wa makanisa ya nyumbani ambako wagonjwa walitokea. Wagonjwa walioagwa kwa maombi walikuwa na kadi za kliniki. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zikitolewa bure nchini tangu mwaka 2004. Wengine walipokunywa kikombe waliacha vidonge, na tulikuwa na nafasi ya kuwauliza.

Kwa jambo hili dalili ni nyepesi kuzitambua, na bado tunazipita. Mgonjwa anatoa ushuhuda kwamba amepona kabla hajapimwa tena. Kanisa linashangilia, na kuanzia hapo anaona aibu kurudi kliniki, maana akionekana pale ushuhuda wake utaonekana uongo. Uzito unapungua, anasema ni mfungo. Anaacha kuja ibadani, tunasema amerudi nyuma. Mchungaji aliyempa kipaza sauti ndiye mwenye wajibu wa kumfuata nyumbani, akae naye, amwambie kwa upole: Mama, tunashukuru pamoja nawe, na vidonge endelea navyo hadi daktari aseme. Maneno hayo hayamdhalilishi Mungu. Pale Mikumi ipo hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya Kanisa Katoliki, na hospitali ya kanisa ni ungamo kwamba sala na sindano vinaweza kukaa chini ya paa moja.

Kisha kuna Moshi. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, watu walikusanyika jioni kwenye ibada ya mtume Boniface Mwamposa. Walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, walikanyagana, na watu 20 wakafa. Walikuwa wamekuja kutafuta baraka, na baadhi yao walikuwa watoto. Kila mmoja wetu anayeita mkutano wa injili, hata wa watu mia mbili kwenye uwanja wa shule, anapaswa kujibu maswali machache kabla ya kuomba upako: milango ni mingapi, ina upana gani, taa ziko wapi, nani anasimama mlangoni, na nitasema neno gani litakalofanya watu wote wasogee mahali pamoja kwa wakati mmoja. Neno la mhubiri lina nguvu ya kusukuma miili. Tukilikumbuka hilo tutachagua maneno.

Nimesikia hoja kwamba haya yote ni siasa, na mchungaji asijiingize. Wasiwasi huo una msingi. Wapo wachungaji waliogeuza mimbari kuwa jukwaa la chama, na waumini wakagawanyika hadi kwenye meza ya Bwana. Lakini tuta halina chama. Risiti ya faini haina chama. Kidonge hakina chama. Ezekieli aliambiwa habari ya mlinzi wa mji anayeuona upanga ukija: asipopiga tarumbeta, damu ya watakaokufa itadaiwa mkononi mwake. Mlinzi yule hakutakiwa kuwa mfalme wala jemadari, wala kujua vita vitaishaje. Kazi yake ilikuwa kutazama na kusema alichokiona, kwa sauti inayosikika, wakati bado kuna nafasi ya kufunga lango.

Hoja nyingine ni ya uchovu, na hii naiheshimu zaidi. Mwinjilisti wa kijijini analima, anasomesha, anazika, anapatanisha wanandoa, na posho yake haitoshi sabuni. Kumwongezea ukaguzi wa mito ni kumwonea. Kwa hiyo asibebe peke yake. Kanisa lina vijana ambao Jumamosi wanafanya mazoezi ya kwaya karibu kabisa na mto. Lina akina mama wanaojua bei ya maziwa sokoni na kwa nini mwuza maziwa hakuja. Lina mwalimu mstaafu anayeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa kata, akabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo itunzwe kwenye faili la ofisi ya usharika, maana mtendaji huhamishwa na mpya akija husema, hakuna aliyewahi kuniambia.

Baada ya mafuriko ya 2009 na 2010 serikali ilirudi kwenye kazi ya kuimarisha kingo za Mkondoa, na kazi ilikwenda kwa kusuasua. Reli kati ya Kilosa na Gulwe imeendelea kukatwa na maji mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Januari 2014 mafuriko yakaja upande wa Dumila na Magole, daraja la barabara kuu ya Morogoro na Dodoma likaharibika, na mahema yakapigwa tena. Leo treni ya kisasa inapita Kilosa kwenye mahandaki na madaraja yaliyojengwa kwa hesabu kubwa, lakini nyumba za wakulima ziko palepale bondeni, na ng'ombe bado wanakunywa mtoni.

Ndugu mchungaji, vuli ikikaribia, kabla ya kupanga mkesha wa kuombea mvua, mwombe katibu aandike tangazo moja kwenye daftari, alisome Jumapili mbili mfululizo. Jumamosi inayofuata hapo, saa moja asubuhi, wazee wawili na vijana wanne watembee kando ya mto kuanzia darajani, wawe na kalamu. Waandike palipolimwa, palipopitiwa na mifugo, palipomomonyoka, na jina la mwenye shamba kila mahali. Mwalikeni na jirani mfugaji atembee nanyi, na imamu akipenda atume mtu wake. Jumapili ripoti isomwe kabla ya sala ya maombezi, ili mwombezi ajue anaomba nini, na Jumatatu barua ipelekwe kwa mtendaji.